Spoki

Usiniulize mimi. Mimi nilikuwa wa solo.
Jina langu ndilo lililobandikwa kwenye nguzo za stima
kutoka Kondele hadi njia ya Kibos,
na picha yangu, meno yote nje.
Ya Agwanda haikuingia; karatasi iliishia kabla yake.

Mchana alikuwa fundi wa baiskeli pale Kibuye,
chini ya magunia ya mbolea yaliyoshonwa kuwa turubai.
Gurudumu lililopinda alilizungusha kwa kidole,
akadonoa spoki moja moja kwa ukucha,
sikio karibu na mpira,
hapa akakaza robo, pale akalegeza,
mpaka likaacha kuyumba,
likaonekana limesimama, kumbe linakwenda.
Mwenyewe alilipa, akapanda, akaenda zake.
Nani hushukuru gurudumu lisiloyumba?

Jioni alikuja klabuni na grisi kwenye kucha,
akakalia kreti la bia karibu na ngoma,
na kodi zake tatu.
Tatu tu, nazo alizilipa kama kodi ya nyumba:
kwa tarehe, bila kelele,
nasi wengine tukalala chini ya paa hilo.

Kijana mmoja akamwuliza,
"Baba, si unarudia kitu kilekile?"
"Ndiyo," akasema, akarudia.

Kuna juma alikwenda Seme kumzika mamake.
Tukaazima Shiundu, kijana wa Luanda,
vidole kama mvua juu ya mabati.
Aliziba kila tundu, hakuacha hata pa kupitisha pumzi,
na kabla ya saa nne watu walikuwa wameketi
wakizungumza bei ya omena.
Aliporudi Agwanda ndipo nilipoanza kuutazama mkono wake wa kushoto.
Wa kulia ulipiga, sawa, mtu yeyote anapiga.
Wa kushoto ulijua kuachia:
uliinua vidole kidogo tu, unene wa karatasi ya sigara,
sauti ikakatika kabla hatujaishiba,
na katika kile kipande kilichokatwa
ndimo vilimogeukia viuno vya Kondele nzima.

Halafu usiku wa stima.
Nilikuwa nimepanda juu kabisa ya shingo ya gitaa,
macho nimefumba, nikijipenda,
mara giza.
Solo ikafa. Besi ikafa. Wasonga akashtuka, akainua vijiti.
Mtu akapiga mbinja, glasi ikaanguka.
Kisha, kutoka upande wa kreti, kitu chembamba:
waya mtupu usio na umeme,
cha-ka, cha-ka,
kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria asiwaamshe watoto.
Na chini yake, viatu.
Hawakuwa wameacha. Hata kumwona hawakumwona.
Dakika saba, labda nane, ukumbi ulicheza gizani
kwa nyayo zake wenyewe na waya wa breki.
Ndiyo, breki: uzi wake wa tatu alijikatia Kibuye.

Stima iliporudi kila mmoja alikuta nafasi yake
imefunikwa sahani, kama chakula cha mchelewaji.
Besi ikaingia. Ngoma ikaingia.
Mimi peke yangu niliingia vibaya.
Nilikuwa nasikiliza.

Siku hizi nina kaseti moja tu ya wakati ule.
Nimejichoka humo ndani; nazungumza mno.
Nasogeza sikio kwenye spika nimtafute chini yangu,
nikimpata, ameshapita.
Nikiacha kumtafuta, goti langu linajua aliko.

Leo asubuhi nilipindua baiskeli uani,
nikazungusha gurudumu la nyuma, nikadonoa kwa ukucha
spoki moja, na ya pili, na ya tatu.
Linayumba.
Sijui ni ipi.